Mganga Hajigangi: Mafunzo Endelevu na Tafakuri katika Kazi ya Tiba ya Mazungumzo

Tiba ya mazungumzo, yaani matibabu ya huzuni, hofu, kiwewe na migogoro ya nafsi yanayofanywa kwa maongezi yenye utaratibu kati ya mtaalamu aliyefunzwa na mtu anayehitaji msaada, inatofautiana na matawi mengine ya tiba kwa jambo moja la msingi, nalo ni kwamba chombo chake kikuu hakiwezi kutengwa na mtu anayekitumia. Daktari wa upasuaji anaweza kuamka na majonzi na bado kisu chake kikawa kikali, na mtaalamu wa maabara anaweza kuwa na hasira na bado hadubini ikamwonyesha vimelea vilevile. Lakini anayetibu kwa kusikiliza hutegemea usikivu wake, subira yake, wepesi wake wa kutambua kinachofichwa nyuma ya maneno na nguvu yake ya kustahimili maumivu ya mwenzake bila kuyakimbia wala kuzama ndani yake. Mambo hayo yote ni sehemu ya nafsi, na nafsi huchoka, huzoea, hujidanganya na hubadilika kadiri miaka inavyopita.

Ndiyo maana taaluma hii, kwa zaidi ya karne moja, imekuwa ikijiuliza namna ya kumlinda na kumkuza mtaalamu baada ya kuhitimu, na majibu yaliyopatikana yamefuata njia mbili. Njia ya kwanza ni mafunzo endelevu ya kitaaluma, ambamo kazi ya mtaalamu hukaguliwa na wengine na kusahihishwa katika muda wote anaofanya kazi. Njia ya pili ni tafakuri ya binafsi, ambamo mtaalamu hujizoeza kuiangalia akili na hisia zake kwa utulivu, iwe kwa kuketi kimya, kwa sala, kwa kuandika au kwa njia nyingine inayofanana na hizo. Njia hizi mara nyingi hutajwa kana kwamba kila moja inajitosheleza, ilhali ushahidi uliopo unaonyesha kwamba zinategemeana, na kwamba mtaalamu anayeishika moja na kuiacha nyingine hubaki na upofu ambao wateja wake ndio wanaoulipia.

Chimbuko la sharti la kujichunguza

Wazo kwamba anayetibu nafsi za wengine aanze na yake mwenyewe liliingia mapema katika historia ya tiba ya mazungumzo. Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeasisi uchambuzi nafsi, yaani tiba inayolenga kuibua mawazo na hisia ambazo mtu hazitambui ingawa zinamtawala, alieleza mwaka 1910 kwamba mgonjwa huamsha ndani ya daktari hisia ambazo daktari mwenyewe huenda asizifahamu, na kwamba hakuna anayeweza kumfikisha mgonjwa mbali kuliko pale vizuizi vya nafsi yake mwenyewe vinapomruhusu kufika. Mwaka 1912, katika mashauri aliyowaandikia madaktari waliotumia tiba yake, alipendekeza namna ya kusikiliza ambayo usikivu hutandazwa kwa usawa juu ya kila kinachosemwa, bila kuamua mapema kipi ni kikubwa na kipi ni kidogo, kwa sababu anayechagua cha kusikia huishia kusikia kile alichokwisha kukitarajia.

Mashauri hayo yaligeuzwa kuwa kanuni mjini Berlin, ambako wafuasi wa Freud walifungua kliniki mwaka 1920 na ambako Max Eitingon alisimamia mpango wa mafunzo uliojengwa juu ya nguzo tatu: mwanafunzi kutibiwa yeye mwenyewe kwa njia hiyohiyo, kusoma nadharia, na kuwatibu wagonjwa wake wa kwanza akiwa chini ya uangalizi wa mtaalamu mwenye uzoefu. Mpango huo ulienea katika nchi nyingi, na alama zake bado zinaonekana katika vyuo vingi vinavyofundisha tiba ya mazungumzo, hata vile vilivyoachana kabisa na nadharia za Freud. Mwaka 1937, miaka miwili kabla ya kifo chake, Freud alikwenda mbali zaidi kwa kupendekeza kwamba kila mchambuzi arudi kutibiwa upya mara kwa mara, pengine kila baada ya miaka mitano, na kwamba asione aibu kufanya hivyo, kwa kuwa kuishi kila siku karibu na hisia kali za watu wengine kunaweza kumdhuru yeye pia.

Kizazi kilichofuata kiliongeza jambo ambalo Freud hakulisisitiza. Mwaka 1950, Paula Heimann, mchambuzi nafsi aliyefanya kazi London, alitoa hoja kwamba hisia zinazomjia mtaalamu akiwa na mteja, ambazo awali zilihesabiwa kuwa kikwazo, zinaweza kuwa chanzo muhimu cha maarifa. Mtaalamu anayejikuta akisinzia kila mteja fulani anapomtaja baba yake, au akishikwa na hamu isiyo ya kawaida ya kumtetea, huenda anapokea habari juu ya jambo ambalo mteja bado hajaweza kulitamka. Hata hivyo, habari hiyo ina faida kwa yule tu anayeweza kutofautisha hisia iliyotokana na mteja na hisia iliyotokana na usiku wa kukosa usingizi, deni la nyumbani au jeraha la utotoni mwake mwenyewe, na uwezo huo wa kutofautisha hupatikana kwa mazoezi marefu.

Miaka ya kazi si ushahidi wa ubora

Katika ufundi mwingi, watu huamini kwamba kukaa muda mrefu kazini humpa mtu umahiri, na imani hiyo huwafanya wateja wengi wamtafute mtaalamu mwenye mvi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na Simon Goldberg na wenzake nchini Marekani ulitikisa imani hiyo. Watafiti walifuatilia wataalamu 170 waliowatibu wateja 6,591, kila mtaalamu akifuatiliwa kwa wastani wa karibu miaka mitano, wakaona kwamba kadiri muda ulivyopita, matokeo ya matibabu kwa jumla hayakupanda bali yalishuka kwa kiwango kidogo sana, ingawa idadi ya wateja walioacha matibabu mapema ilipungua. Wapo wataalamu walioimarika katika kipindi hicho, lakini uzoefu peke yake haukutosha kueleza kwa nini.

Sababu moja ya hali hiyo ni kwamba mtaalamu wa tiba ya mazungumzo hupata habari kidogo sana juu ya makosa yake. Fundi aliyefunga bomba vibaya huona maji yakivuja siku ileile, lakini mteja asiyesaidika kwa kawaida haelezi; huomba kuahirisha kikao, kisha hupotea, na mtaalamu hubaki akidhani kwamba amepona, amehama au hakuwa tayari kubadilika. Mwaka 2005, kikundi cha watafiti kilichoongozwa na Corinne Hannan kiliwataka wataalamu 48 watabiri ni wateja gani kati ya 550 wangemaliza matibabu wakiwa na hali mbaya kuliko walivyoanza. Wataalamu hao waliwataja watatu tu, ilhali walioharibikiwa walikuwa 40, na kati ya wale watatu waliotajwa ni mmoja aliyekuwa miongoni mwao.

Sababu ya pili ni ile ambayo Waswahili waliifahamu zamani waliposema kwamba nyani haoni kundule. Katika uchunguzi wa Steven Walfish na wenzake uliochapishwa mwaka 2012, wataalamu 129 wa afya ya akili waliombwa kujilinganisha na wenzao wa taaluma moja. Robo yao walijiweka katika kundi la asilimia kumi ya walio bora kabisa, na hakuna hata mmoja aliyejiona yuko chini ya wastani. Ni dhahiri kwamba hesabu hiyo haiwezi kuwa ya kweli, na hatari yake haiko katika majivuno peke yake, kwa sababu anayeamini kuwa tayari amefika hana sababu ya kuendelea kutafuta.

Mafunzo endelevu yana maana gani

Katika nchi nyingi, vyama na mabaraza ya kitaaluma yamejaribu kulikabili tatizo hilo kwa masharti ya saa. Nchini Uingereza, kwa mfano, chama cha wanasihi na wataalamu wa tiba ya mazungumzo kinachojulikana kwa kifupi kama BACP huwataka wanachama walio katika rejista yake wafanye angalau saa 30 za mafunzo endelevu kila mwaka. Nchini Kenya, Sheria ya Wanasihi na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliweka msingi wa kuwasajili watendaji wa fani hizo na kusimamia mafunzo na mwenendo wao, hatua iliyolenga kumlinda mwananchi dhidi ya mtu yeyote anayejitangaza kuwa mshauri nasaha bila kuwajibika kwa chombo chochote.

Masharti ya saa yana faida yake, lakini kuhudhuria semina na kupokea cheti hakumhakikishii mteja kwamba kilichosikika ukumbini kitafika katika chumba cha ushauri. Kwa hiyo watafiti wameelekeza macho yao kwenye aina ya mazoezi yenyewe. Mwaka 1993, mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake walichapisha uchunguzi wa wanafunzi wa fidla mjini Berlin, wakaonyesha kwamba kilichowatofautisha mahiri na wa kawaida kilihusiana sana na muda waliotumia katika mazoezi ya makusudi, yaani mazoezi ya peke yao yanayolenga udhaifu mahususi, yanayorudiwa, na yanayoongozwa na marekebisho ya mwalimu. Daryl Chow na wenzake walilichunguza wazo hilo katika tiba ya mazungumzo, na katika taarifa yao ya mwaka 2015, iliyohusu kikundi kidogo cha wataalamu 17, wale waliotumia muda mwingi zaidi kujinoa nje ya vikao ndio ambao wateja wao walielekea kupata nafuu zaidi.

Mazoezi ya namna hiyo huhitaji kumbukumbu ya kweli ya kilichotokea, na hapo mchango wa Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, unastahili kutajwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1940, Rogers alianza kurekodi vikao katika santuri, na kitabu chake cha mwaka 1942 kilikuwa na maandishi kamili ya matibabu ya mteja mmoja kutoka kikao cha kwanza hadi cha mwisho, jambo lililowawezesha wasomaji kuona kilichosemwa hasa badala ya kutegemea kumbukumbu ya mtaalamu. Leo mtaalamu anaweza, kwa idhini ya maandishi ya mteja na kwa kulinda siri zake, kurekodi kikao kwa sauti au video, kisha kukisikiliza akitafuta mahali alipomkatiza mteja, alipobadilisha mada kwa sababu ya hofu yake mwenyewe, au alipotoa ushauri kabla ya kuelewa.

Chombo kingine ni dodoso fupi ambalo mteja hulijaza kabla au baada ya kila kikao, akieleza hali yake ya wiki hiyo na kama alihisi kwamba alisikilizwa. Michael Lambert wa Marekani ni miongoni mwa waliotumia madodoso ya aina hiyo kumtahadharisha mtaalamu mapema pale hali ya mteja inapoanza kuharibika. Uzito wa utaratibu huo ulionekana katika kituo kimoja cha ushauri nasaha mjini Calgary, Kanada, ambako uongozi uliunganisha madodoso, mijadala ya mara kwa mara na mazoezi ya makusudi. Taarifa nyingine ya Goldberg na wenzake ya mwaka 2016, iliyowahusu wataalamu 153 na wateja 5,128 wa kituo hicho katika kipindi cha miaka saba, ilionyesha kwamba matokeo ya matibabu yaliimarika kidogokidogo kadiri miaka ilivyokwenda, kinyume na hali iliyoonekana kwingine.

Usimamizi: jicho la pili

Kiini cha mafunzo endelevu ni usimamizi wa kitaaluma, ambao haupaswi kuchanganywa na ukaguzi anaofanya mkuu wa kazi juu ya mahudhurio na ripoti. Katika usimamizi huu, mtaalamu hukutana kwa vipindi maalumu na mwenzake mwenye uzoefu zaidi, au na kikundi cha wenzake, akaeleza kazi yake na wateja bila kuwataja majina, akapokea maswali juu ya alichokifanya, alichokikwepa na alichokihisi. Nchini Uingereza, mtaalamu anayetafuta au kushikilia ithibati ya BACP hutakiwa kupata angalau saa moja na nusu ya usimamizi kila mwezi, hata kama amefanya kazi kwa miaka 30, kwa sababu hitaji la jicho la pili haliishi kwa kuongezeka kwa umri.

Kwa nchi zenye wataalamu wachache, usimamizi una uzito mkubwa zaidi, kwa kuwa ndio unaowezesha watu wenye elimu ya kawaida kutoa tiba salama. Mfano mzuri unatoka mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika majimbo ya Kivu, ambako Kiswahili ni lugha ya mawasiliano ya kila siku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 na Judith Bass na wenzake uliwahusu wanawake 405 walionusurika ukatili wa kingono, ambao baadhi yao walipata tiba ya kikundi ya kushughulikia mawazo yanayotokana na kiwewe, na wengine msaada wa kawaida wa mtu mmojammoja. Waliotoa tiba hiyo walikuwa wasaidizi wa kisaikolojia wa Kikongo waliofunzwa kwa wiki mbili tu, lakini ambao waliendelea kusimamiwa kwa ukaribu na wasimamizi wa hukohuko, nao wakiwasiliana kwa simu na wataalamu walioko mbali. Miezi sita baada ya matibabu, dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni iliyokithiri, au za wasiwasi uliopita kiasi zilionekana kwa asilimia 9 ya waliopata tiba ya kikundi, na kwa asilimia 42 ya waliopata msaada wa kawaida. Wiki mbili za mafunzo zisingefikisha kazi hiyo mbali bila usimamizi uliozifuata.

Mzigo wa anayesikiliza

Hata mtaalamu anayesimamiwa vizuri hubeba mzigo ambao msimamizi hawezi kumtua wote. Mwaka 1974, Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia aliyejitolea katika kliniki ya bure mjini New York, aliandika juu ya wafanyakazi wenzake walioanza kazi kwa ari kubwa na kuishia kuishiwa nguvu, kuwadharau waliokuja kusaidiwa na kujiona hawana faida. Christina Maslach na wenzake waliichunguza hali hiyo kwa kina na kuipatia kipimo mwaka 1981, na leo inajulikana kote kuwa ni uchovu wa kazi unaochanganya vipengele vitatu: kuishiwa nguvu za kihisia, kuwaona watu kama vitu, na kupungukiwa na hisia ya kufanikisha jambo la maana kazini. Mwaka 1990, Lisa McCann na Laurie Anne Pearlman walieleza hali inayohusiana na hiyo, ambayo mtu anayesikiliza simulizi za ukatili kwa muda mrefu huanza kuiona dunia kwa macho ya waliodhulumiwa, akapoteza hisia ya usalama na imani kwa binadamu ingawa yeye mwenyewe hakuguswa.

Watafiti wa ubongo wameongeza tofauti yenye manufaa makubwa kwa mjadala huu. Olga Klimecki, Tania Singer na wenzao walichapisha mwaka 2014 matokeo ya jaribio ambalo washiriki walifunzwa kwanza kuhisi maumivu ya wengine kana kwamba ni yao, kisha wakafunzwa huruma, yaani kumtakia heri anayeumia na kuwa tayari kumsaidia. Mafunzo ya kwanza yaliongeza hisia za uchungu, na mafunzo ya pili yaliziondoa hisia hizo na kuamsha hisia za upendo na uthabiti. Kwa mtaalamu, maana yake ni kwamba kuumia pamoja na mteja si kipimo cha wema wala cha ustadi, na kwamba huruma isiyomchosha mtu inaweza kujifunzwa.

Nafasi ya tafakuri

Mafunzo ya huruma yaliyotumika katika jaribio la Klimecki na Singer yalitokana na mazoezi ya tafakuri, na hapo njia ya pili inaungana na ya kwanza. Kuingia kwa mazoezi hayo katika hospitali za Magharibi kunahusishwa sana na Jon Kabat-Zinn, aliyeanzisha mwaka 1979 programu ya kupunguza msongo katika chuo cha tiba cha Massachusetts, Marekani. Alichukua mazoezi ya Kibudha ya kuituliza na kuichunguza akili, akayaondolea ibada na mafundisho ya dini, akawafundisha wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu. Zoezi la msingi ni jepesi kulieleza na gumu kulidumisha: mtu huketi wima, huelekeza usikivu wake kwenye pumzi, na kila akili inapotoroka kwenda kwenye kumbukumbu au mipango, huitambua imekwenda wapi na kuirudisha bila kujilaumu.

Historia ya watafiti watatu inaonyesha kwa nini zoezi hilo linamhusu mtaalamu na si mteja peke yake. Katika miaka ya 1990, Zindel Segal wa Toronto, Mark Williams wa Wales na John Teasdale wa Cambridge walikuwa wakitafuta njia ya kuzuia sonona isiwarudie watu waliokwisha kupona, wakaamua kuchukua baadhi ya mbinu za Kabat-Zinn na kuziingiza katika tiba waliyoizoea, bila nia ya kuzifanya mazoezi yao wenyewe. Walipotembelea kliniki ya Massachusetts na kujaribu kufundisha, waligundua kwamba mwalimu asiyefanya zoezi hilo hujibu shida ya mshiriki kwa kukimbilia kuitatua, ilhali mwalimu anayelifanya kila siku huweza kukaa na shida hiyo na kumsaidia mshiriki aitazame bila woga. Walibadili msimamo, wakaanza kujizoeza, na mazoezi ya mwalimu mwenyewe yakawa sehemu ya masharti ya tiba waliyoieleza katika kitabu chao cha mwaka 2002. Jaribio lao lililochapishwa mwaka 2000 lilionyesha kwamba, miongoni mwa watu waliowahi kuugua mara tatu au zaidi, sonona iliwarudia asilimia 37 ya waliopata tiba hiyo, ikilinganishwa na asilimia 66 ya waliopata huduma ya kawaida.

Kama mazoezi ya mtaalamu yanamnufaisha mteja ni swali lililopimwa moja kwa moja nchini Ujerumani. Ludwig Grepmair na wenzake walichapisha mwaka 2007 jaribio lililowahusu wanafunzi 18 wa tiba ya mazungumzo katika hospitali moja, ambao nusu yao walifanya tafakuri ya Zen, yaani tafakuri ya Kibudha ya kuketi kimya iliyostawi Japani, kila asubuhi ya siku za kazi. Wagonjwa 124 waliotibiwa na wanafunzi hao kwa wiki tisa hawakujua nani alitafakari na nani hakutafakari, na bado wale waliotibiwa na waliotafakari walipata nafuu kubwa zaidi. Jaribio hilo lilikuwa dogo, na uchunguzi mwingine juu ya uhusiano kati ya utulivu wa mtaalamu na nafuu ya mteja umetoa matokeo yanayopingana. Kwa hiyo linapaswa kusomwa kama dalili ya kutia moyo, na si kama hukumu ya mwisho.

Namna tafakuri inavyoweza kusaidia haihitaji maelezo ya ajabu. Mtaalamu aliyezoea kuitambua akili yake inapotoroka akiwa ameketi peke yake huweza kuitambua mapema inapotoroka mbele ya mteja, na badala ya kuitikia kwa mazoea hurudi kwenye maneno anayoambiwa. Aliyezoea kuiona hasira au hofu ikipanda na kushuka bila kuitii huweza kumsikiliza mteja anayemtukana bila kujitetea. Aliyezoea ukimya huweza kuuacha ukimya wa mteja ufanye kazi yake, jambo ambalo wanafunzi wengi hulishindwa kwa kuharakisha kuuliza swali jingine.

Si lazima mazoezi hayo yatoke Asia. Al-Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu aliyefariki mwaka 1111, alitenga sehemu nzima ya kitabu chake cha Ihya kwa ajili ya kuichunga nafsi na kuihesabu, akieleza jinsi mtu anavyoiwekea nafsi yake masharti, kuiangalia inapotenda na kuidai hesabu baadaye. Ignatius wa Loyola, padri wa Kihispania wa karne ya 16 aliyeanzisha shirika la Wajesuiti, aliwafundisha wafuasi wake kupitia upya mwenendo wa siku yao adhuhuri na jioni. Mtaalamu Mwislamu au Mkristo wa Mombasa, Bukavu au Dodoma anaweza kupata katika mapokeo ya dini yake nidhamu ya kujitazama inayolingana na ile inayofundishwa hospitalini, mradi akumbuke kwamba zoezi hilo ni kwa ajili ya kumtuliza yeye, na kwamba hana ruhusa ya kumbebesha mteja imani ambayo mteja hakuiomba.

Mipaka ya kila njia

Tafakuri ina mipaka ambayo watetezi wake huisahau mara kwa mara. Kwa watu wenye kiwewe, kukaa kimya na kuyaangalia yanayopita akilini kunaweza kuamsha kumbukumbu kali na hofu, kwa hiyo mtaalamu aliyejeruhiwa na maisha anahitaji mwongozo anapoanza. Zaidi ya hayo, utulivu unaweza kumdanganya mtu, kwa sababu inawezekana kabisa kuketi kwa amani kila alfajiri na kuendelea kumwelewa vibaya mteja yuleyule kila Jumatano. Kosa la namna hiyo hugunduliwa na dodoso, rekodi au msimamizi, si na pumzi. Kwa upande mwingine, mtaalamu asiyejua kinachoendelea ndani yake hupeleka kwa msimamizi habari pungufu, kwa kuwa hawezi kueleza hisia ambayo hakuitambua, na rekodi ya sauti haionyeshi kile alichokikwepa moyoni.

Pia kuna mipaka ambayo haimhusu mtaalamu binafsi. Tafiti za uchovu wa kazi zimeuhusisha na wingi wa kazi, kukosa mamlaka juu ya ratiba, malipo yasiyolingana na juhudi na hisia ya kutotendewa haki, na hakuna zoezi la kupumua linaloweza kuwa badala ya kupunguza foleni iliyoko mlangoni. Taasisi inayompangia mnasihi wateja wengi kupita uwezo wake, kisha ikamletea mwalimu wa tafakuri siku ya Ijumaa, humtwika mtu mmoja lawama ya kosa la mpangilio. Hospitali, shule, mashirika ya misaada na taasisi za dini zinazotoa ushauri nasaha zinapaswa kuihesabu saa ya usimamizi kuwa saa ya kazi, kuilipia, na kuacha nafasi kati ya kikao na kikao ili anayesikiliza apate kupumzisha akili kabla ya kumpokea mwingine.

Methali isemayo kuwa mganga hajigangi imekuwa ikitumika kueleza udhaifu wa mwenye ujuzi anayeshindwa kujisaidia, lakini katika tiba ya mazungumzo inapaswa kuchukuliwa kama kanuni ya kazi: anayetibu nafsi za watu anahitaji watu wa kumtazama, na anahitaji nidhamu ya kujitazama ili awe na kitu cha kweli cha kuwaonyesha. Kwa msomaji anayemtafuta mtaalamu kwa ajili yake au kwa ajili ya ndugu yake, yapo maswali matatu ambayo ana haki ya kuyauliza katika kikao cha kwanza: amesajiliwa na chombo gani, ni nani anayemsimamia kitaaluma, na watajuaje wote wawili ikiwa matibabu hayasaidii. Mtaalamu anayeyajibu kwa uwazi anastahili kupewa nafasi. Anayekasirishwa nayo ni heri aachwe, hata kama ukuta wake umejaa vyeti.